Siku Walipomfunga Mama Mdogo Biira

Mwaka jana nilipokwenda kujifungua mtoto wangu wa kwanza, nilipoingia tu kwenye korido ya wodi ya wazazi, pua yangu ilikumbuka kabla yangu. Ilikuwa harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, ile nyeupe inayochoma macho, imechanganyika na chai ya maziwa iliyomwagika mahali ikakauka. Muuguzi aliyenipokea alikuwa binti mpole, pengine wa rika langu. Aliniuliza maswali yake polepole, na kwa kila swali alinitazama mimi usoni, akangoja mimi nijibu. Hakumgeukia mume wangu. Hakumgeukia mama yangu. Nikaanza kulia, naye akadhani ni uchungu. Nilimwacha adhani hivyo, kwa sababu kumweleza kungenilazimu nianzie mbali, Bwera, nyumbani kwa bibi yangu, katika ile miaka nilipokuwa mdomo wa mtu mwingine.

Nilizaliwa kwenye kota za polisi mjini Kasese, mahali ambapo watoto wa Kiteso, wa Kiacholi, wa Kinyankole na sisi wa Kikonzo tulicheza kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania. Baba alipohamishiwa kaskazini, mama alimfuata, mimi nikaachwa Bwera kwa bibi mzaa mama. Kwa Lhukonzo bibi huitwa mukaka, na kwangu hilo lilikuwa ndilo jina lake. Nyumbani kwa Mukaka tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Biira, mdogo wake mama, ambaye alipata homa kali kabla hajajua kuongea vizuri, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake.

Sokoni walimwita Bubu. Walisema hawamaanishi vibaya, ni njia ya kumtambulisha tu, kama vile mwingine anavyoitwa Mrefu. Lakini walipomwita hivyo walipandisha sauti, wakafungua midomo kama watu wanaoongea na ng'ombe, na wakimaliza waliniuliza mimi: "Anataka nini huyu?" Nilikuwa darasa la tatu. Nilijibu kila mara, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Kwa akili yangu ya wakati ule Mama Mdogo hakuwa kiziwi. Niliamini anasikia kwa miguu, kwa sababu ukitaka kumwita ulipiga kisigino chini, naye akageuka papo hapo. Nilijaribu mwenyewe mara nyingi, nikiziba masikio na kusimama peku kwenye ua, nikingoja sauti ya Mukaka inipande kutoka kwenye udongo. Niliamini pia kwamba maneno yake yanakaa kwenye vidole, na kwamba ndiyo maana hakuwa na maneno wakati wa kufua, mikono ikiwa majini. Lugha yenyewe tulikuwa tumeitengeneza nyumbani. Mukaka alikuwa ishara ya kufunga fundo la kitambaa nyuma ya shingo. Mimi nilikuwa kugusa pengo la jino. Kongo ilikuwa kidole kuelekezwa ng'ambo ya mto, kisha kukuna kichwa, kwa sababu Biira hakuelewa kwa nini watu wa upande ule, waliofanana na sisi kabisa, walitakiwa kuulizwa kitu wakivuka.

Biira alikuwa akipika bushera, uji wa mtama unaonywewa baridi, tukaubeba kwenye madumu hadi karibu na soko la Mpondwe, pale mpakani. Hapo ndipo alipokuja yule askari. Alikuwa mrefu, mweusi sana, mtu wa Arua, na jina lake Ayiko. Watoto wa Bwera tulikuwa tumefundishwa kuhusu askari tangu tukiwa wadogo: wanapita, wanaharibu wasichana wa watu, wanahamishwa. Hata mimi mtoto wa polisi niliamini, kwa sababu nilihesabu polisi na jeshi kuwa makabila mawili tofauti. Kwa hiyo nilipomwona anasimama mbele ya madumu yetu nilijisogeza mbele ya Mama Mdogo.

"Afande, bushera ni huyu ndiye anauza, lakini useme na mimi," nilimwambia. "Yeye hasikii."

Ayiko hakunijibu. Alimtazama Biira, akanyanyua mikono miwili, akauliza jambo kwa vidole. Nilikuwa sijawahi kuona mikono ya mtu mzima mwanamume ikisema. Baadaye tulijua kwamba kaka yake mkubwa huko kwao alizaliwa kiziwi, na kwamba kaka huyo alisoma shule ya viziwi akarudi na lugha ya ishara akawafundisha wote nyumbani. Siku ile niliona tu Mama Mdogo akisimama na kikombe mkononi, bushera ikimdondokea mguuni, halafu akacheka. Kicheko chake kilikuwa na sauti, jambo lililowafanya watu wa sokoni wageuke. Walikuwa hawajui kwamba bubu anacheka.

Alikuja tena na tena. Kila alipokuja Biira alirudi nyumbani na ishara mpya ambazo mimi sikuzijua, na nilisikia wivu mbaya wa mtoto, kama mtu aliyenyang'anywa kazi. Baadaye Ayiko hakuja. Kikosi chake kilikuwa kimeondoka. Na muda si mrefu kanga ya Biira ikaanza kufungwa juu zaidi kiunoni, na wanawake wa kanisani wakaanza kuingia kwa Mukaka bila kupiga hodi, wakikaa chini, wakipiga vidole mdomoni.

"Mwanajeshi amemuharibu," walisema. "Na huyu masikini hata kupiga kelele hakuweza."

Biira alikaa pembeni akichambua maharage, akiwatazama midomo. Walipoondoka alinivuta mkono, akaniambia nimwambie Mukaka. Alieleza kwa makini: mkono kwenye paji la uso, ndiye Ayiko. Ndege. Mchanga mwingi, joto. Bunduki. Kisha vidole viwili vikitembea kurudi, kurudi hadi kwenye kifua chake. Nami nikatafsiri: "Anasema Afande alipelekwa kazini kwa ndege, kwenye nchi ya mchanga. Anasema hakuharibiwa. Anasema wanapendana na atarudi."

Mukaka alinitazama kwa huruma, mimi, siyo yeye. "Mutoto," alisema, "wewe unatafsiri ndoto. Nani atapenda mutu hasikii?"

Sikuitafsiri sentensi hiyo. Biira alikuwa ameshaisoma usoni.

Miezi ilipotimia, mkunga wa jirani alimpapasa akasema mtoto amelala vibaya, apelekwe kupasuliwa. Mwanamke mmoja wa kanisani alikuwa na ndugu aliyefanya kazi kwenye hospitali ndogo ya watu binafsi upande wa Muhokya. Hospitali hiyo haipo tena. Jengo lake, mara ya mwisho nilipopita, lilikuwa limejaa magunia ya pamba. Tulifika asubuhi. Sakafu ilikuwa imetoka kuoshwa kwa ile dawa nyeupe.

Sista aliyetupokea nataka nimseme kama alivyokuwa, kwa sababu kwa miaka mingi nimejaribu kumkumbuka akiwa mbaya na sijaweza. Alikuwa mama mnene mwenye mikono ya joto. Aliniona natetemeka akanipa chai yake mwenyewe na kipande cha mkate. Alimpangusa Biira jasho. Hakuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo alisema Kiswahili, na Mukaka alimjibu kwa Kiswahili chake cha mpakani.

"Mama, huyu hana akili?" aliuliza.

"Akili iko. Ni masikio tu haiko."

"Ni mamoja, mama yangu. Nani alimpa hii mimba?"

"Askari. Alikimbia."

Sista alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Alivuta kiti karibu na Mukaka. Mimi nilikuwa sakafuni kati ya miguu yao na kitanda, mkate mdomoni. Biira alikuwa amelala ubavu, amefumba macho kwa uchungu, na mtu kama yeye akifumba macho ndiyo ameondoka chumbani.

"Sikiliza," Sista alisema kwa sauti ya chini. "Mwakani atakuja askari mwingine. Mwaka ule mwingine, mwingine. Bubu anazaa bubu. Utawalea wote? Na wewe ukifa? Daktari akishampasua, tumbo liko wazi tayari. Tumfunge hapohapo, yaishe. Hatasikia chochote."

Hilo la mwisho halikunishtua, maana kwamba Mama Mdogo hasikii nililijua. Lililonishtua ni neno jingine. Mimi nilikulia kwenye kota za polisi. Nilikuwa nimewaona watu wanaofungwa. Nilikuwa nimewaona wakishushwa kwenye gari mikono ikiwa mbele pamoja, wakiingizwa kwenye mlango wa chuma, na mama zao wakikaa nje na vyakula kwenye mabakuli. Nikamtazama Mukaka, nikijua kwamba sasa atasimama, ataweka mikono kiunoni na kufoka kama alivyowafokea watu wa ushuru sokoni.

Mukaka alikuwa akitazama vidole vyake.

"Basi," alisema. "Mumufunge."

Niliruka kitandani. Nilimtikisa Mama Mdogo mpaka akafumbua macho, nikakutanisha vifundo vya mikono yangu kwa nguvu mbele ya uso wake, nikamwonyesha Sista, nikamwonyesha mlango. Watakufunga! Biira alinitazama. Kisha, katikati ya uchungu wake, alicheka. Alijua mimi ni mtoto mwenye mambo. Lakini akageuza macho kwa mama yake, akanyanyua nyusi kuuliza: anasema nini huyu?

Mukaka aliinua mikono. Akalaza shavu kwenye kiganja: utalala. Akabeba mtoto asiyeonekana: mtoto atatoka. Akaelekeza njia ya Bwera: tutarudi nyumbani. Mikono yake ilikwenda vizuri, bila haraka. Biira akatulia. Huyo ndiye mtu aliyemfundisha ishara yake ya kwanza duniani.

Walipomtoa chumba cha upasuaji nilikagua mikono yake. Kwenye kifundo kimoja kulikuwa na alama nyekundu ya plasta ya maji ya dripu, nikajua ni hapo kamba ilipopita. Lakini kamba yenyewe haikuwepo, na hakuna polisi aliyekuja, na baada ya siku chache tuliondoka wote kwa mlango uleule tulioingilia, na mtoto wa kike mgongoni kwa Mukaka. Nikaona kwamba kelele zangu zimesaidia. Nilirudi shuleni nikiamini nimemwokoa Mama Mdogo asifungwe.

Mtoto aliitwa Masika, kama anavyoitwa binti wa kwanza kwetu. Siku moja mchana, akiwa bado mchanga wa kulala mkekani, nilimwona Mukaka amechuchumaa nyuma ya kichwa chake, sufuria mkono mmoja, mfuniko mkono mwingine. Akavigonganisha. Masika alirusha mikono na miguu yote hewani, akalia kilio kilichosikika hadi barabarani. Mukaka akasubiri atulie, akagonga tena. Mtoto akalia tena. Anasikia! Nilirukaruka kwa furaha ndani ya chumba. Mukaka aliviweka vyombo chini, akakaa ukutani miguu imenyooka, akajifunika uso kwa kitambaa chake. Nilidhani ni furaha inamliza. Nilikaa karibu naye nikamshika goti.

Masika alikuwa tayari anatembea Ayiko aliporudi. Nilikuwa nafagia ua nilipoona mtu amesimama kwenye njia, amekonda, begi la kijeshi begani. Mukaka alitoka na panga alilokuwa akikatia majani ya ndizi.

"Wewe askari, ilikuja kutafuta nini? Wewe iko naharibu watoto ya watu halafu nakimbia!"

"Mama, mimi sikukimbia," Ayiko alisema, na hakusogea. "Nilitumwa Somalia. Kazi ya jeshi haiombi ruhusa kwa mtu. Nilimweleza Biira yote kabla ya kwenda. Hakukuambia?"

Mukaka alibaki na panga hewani. Biira, ambaye hakuweza kusikia lolote kati ya hayo, alitokea jikoni kwa bahati tu kumwaga maji. Karai lilianguka. Nililiona likibingirika uani, na sikuwahi kuona mtu akikimbia namna ile akiwa na mtoto kiunoni.

Ayiko alileta wazee wake kutoka Arua na mbuzi wa mahari, safari ndefu hivyo, na wanawake wa kanisani walikuja kushangaa jinsi askari anavyokaa chini na kula kwa adabu. Baadaye aliacha jeshi, akapata shamba la kukodi Mubuku, kwenye mifereji ya umwagiliaji, wakalima mpunga. Likizo zangu nilikwenda huko. Ile ilikuwa nyumba yenye furaha kuliko zote nilizowahi kuzijua, nyumba ambayo taa haizimwi mpaka mazungumzo yaishe, kwa sababu gizani hawakuweza kuongea. Masika alijua ishara kabla ya maneno. Aliomba maziwa kwa vidole akiwa bado hawezi kusema "mama".

Kitu kimoja tu hakikuja. Kwetu majina yanamngojea mtoto kabla hajazaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Mama Mdogo alijua kwamba binti atakayefuata atachukua jina lake mwenyewe, na jambo hilo lilimfurahisha mno. Alikuwa ameshamtengenezea ishara: ile yake, lakini ndogo, inafanywa kwa kidole kimoja karibu na nyonga. Alimsema huyo Biira mdogo kama mtu aliyetoka kidogo tu na atarudi jioni. Hii nguo tumwekee. Huu mkeka usiutupe. Mwaka ukapita, na mwingine, na majirani wa Mubuku wakaanza kusema. Walisema viziwi wana mizimu. Walisema damu ya Arua na damu ya Rwenzori hazipatani. Walisema Mungu alimpa mmoja kwa huruma, atosheke.

Biira na Ayiko waliambiwa kuna mama wa dawa huko juu Bwesumbu. Twende sote, Biira alisema. Na Mukaka alikuja. Hapo ndipo usingizi wangu unapoharibika hadi leo. Ninamwona Mukaka mbele yetu kwenye njia ya mlima, ukungu umemfika magotini, kuku mweupe wa yule mama wa dawa kwapani, akipumzika kila kona kwa sababu ya kifua chake. Ninamwona akishikilia kibuyu Biira anywe. Dawa ilikuwa chungu, Biira akakunja uso, na Mukaka akampangusa mdomo kwa ncha ya kanga, taratibu, kama mtoto. Alipanda mlima ule zaidi ya mara moja. Kila mara alijua.

Nilikuwa nimeingia sekondari Ayiko aliposema dawa za miti zimetosha. Yeye alikuwa kwenye zamu ya maji shambani, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka Biira kwa daktari mmoja mjini Kasese. Daktari alikuwa kijana, ana haraka, na alizungumza na mimi.

"Alizaa wa kwanza kwa kawaida?"

"Alipasuliwa."

"Kulikuwa na matatizo? Walisema chochote?"

Nilifikiri. Nikakumbuka, na nikatabasamu, kwa sababu kwangu lilikuwa limeshakuwa kichekesho cha utotoni. "Hapana, daktari. Mimi nilikuwa mdogo, niliogopa bure. Sista alisema wamfunge hapohapo kwa kuwa tumbo liko wazi tayari, mimi nikadhani watampeleka jela."

Daktari aliacha kuandika. "Rudia," alisema.

Nikarudia. Na safari hii, maneno yalipokuwa yakitoka, niliyasikia. Nilikuwa nimeshafundishwa baiolojia. Nilikuwa nimeshachora mirija ile kwa penseli na kuandika majina yake pembeni. Miaka yote neno lile lilikuwa limekaa ndani yangu, nikilijua kila herufi, na sikuwa nimelisikia.

"Usimwambie," daktari alisema haraka. "Niletee mtu mzima wa familia. Watu kama huyu wakipata mshtuko wanaleta fujo."

Biira alikuwa ameshanishika mkono. Alikuwa ameona tabasamu langu likifa. Akanigeuza uso kwa kidole kidevuni, akauliza: nini?

Hatukuwa na ishara ya jambo hilo. Nani angekuwa nayo? Nilichora kwenye tumbo langu mstari wa kovu lake. Nikabeba mtoto. Nikaonyesha njia ambayo mtoto hupita, na mkono mwingine nikaufanya ukuta. Nikafanya mkasi. Biira alinitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akayarudia yote, polepole, kama alivyorudia kila neno jipya ili ahakikishe amelishika sawa: kovu, mtoto, njia, ukuta, mkasi. Alipofika mwisho alinitazama kuuliza kama amepatia. Nikaitikia kwa kichwa. Hakufanya fujo yoyote. Aliinuka, akamshukuru daktari kwa mkono kifuani, akatoka.

Hatukurudi Mubuku. Alitaka Bwera. Mukaka alikuwa uani kwenye mkeka, akichagua kahawa, jua la alasiri mgongoni. Alituona tunaingia kwenye njia, akaona jinsi Biira anavyotembea, na akaacha kuchagua.

Wao wawili hawakuhitaji mkalimani. Lakini Biira alinisimamisha kati yao. Akaniambia: sema kwa mdomo. Sema kwa sauti. Alitaka jambo lile lisemwe kwa lugha ya watu wanaosikia, pale uani, majirani wakiwa kwenye vibaraza vyao.

Nikasema. "Mama Mdogo anauliza kama ulijua kwamba walimfunga kizazi."

Mukaka hakukana. "Niliogopa," alisema. "Nilifikiri yule askari harudi. Nilifikiri mutoto atakuwa bubu na anayefuata bubu. Nilifikiri, nikikufa, nani atawasikia wakilia? Sista alisema ni kusaidia. Na mimi niliona ni kusaidia. Halafu mutoto akalia kwa ajili ya sufuria, na nikajua." Alivuta pumzi. "Kila siku nilisema, kesho nitamwambia."

Nilikuwa nikitafsiri kila neno. Nilipomaliza, Biira alisogea mbele, akanipita. Alijigusa kifua. Kisha akaufungua mkono mbele ya mdomo, akaunyoosha kuelekea kwa mama yake. Uliniuliza?

Mukaka alielewa mwenyewe. Alitikisa kichwa: hapana.

Ayiko alikuja kesho yake, amekwishaambiwa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya Mukaka, kofia magotini. "Mama," alisema, "jeshini nimeona watu wakifanya mabaya wakiwa na hasira. Wewe ulifanya bila hasira, kwa upole. Mimi sijui hiyo niiweke wapi." Hakumpigia kelele, na wala hakumzuia Masika asimtembelee bibi yake. Walikwenda mpaka Kampala, yeye na Biira, na huko waliambiwa mirija ilikatwa kabisa, hakuna cha kuunganisha. Waliporudi Biira alitoa zile nguo alizokuwa akiziweka, akazigawa. Ile ishara ndogo ya karibu na nyonga sikuiona tena mkononi mwake.

Kwa Mukaka hakusema neno baya. Aliacha tu kumtazama. Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo, unaweza kukasirika na bado masikio yakasikia. Kwa Biira kuondoa macho kulikuwa ni kufunga mlango kwa ndani. Alikuja Bwera sikukuu zote, alipika, alifagia, alimletea mama yake mchele wa Mubuku. Mukaka alipiga kisigino chini kumwita. Ninajua mtikiso ulimfikia, kwa sababu niliuona ukimpanda mgongoni. Hakugeuka.

Nilikuwa namaliza shule Mukaka alipopatwa na kiharusi. Kilichukua upande wa kulia na kilichukua ulimi, na bibi yangu, aliyekuwa na sauti ya kuogopwa soko zima, hakuwa tena na neno hata moja. Biira alihamia Bwera kumuuguza. Wasiojua walimsifu sana. Alimwosha, alimgeuza asipate vidonda, alimlisha kijiko kwa kijiko, na wakati wote macho yake yalikuwa kwenye kijiko, kwenye mto, kwenye shuka. Hayakupanda hadi usoni.

Alasiri moja nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maji. Biira alikuwa anatandika upande wa miguuni. Mukaka alitoa mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa bado hai, akaanza kufanya ishara. Ule haukuwa mkono aliozoea kuongelea, na vidole vilikuwa vizito, vinaanza jambo vinaliacha, vinaanza tena. Niliitambua ishara ya jina la Biira. Baada ya hapo sikuelewa. Alirudia, na akarudia, akitoa kooni sauti ambayo mimi pekee niliisikia.

Biira alikuwa ameona. Alisimama akiutazama mkono ule kwa muda, mkono tu. Akasogea kichwani mwa kitanda, akaushika kwa mikono yake yote miwili mpaka vidole vikatulia. Akaurudisha kitandani, akaufunika, akachomeka blanketi pande zote chini ya godoro, vizuri, kama mtu anayemkinga mgonjwa na baridi. Kisha akanipokea beseni, akatoka nje kuanua kahawa, kwa sababu mvua ilikuwa inashuka mlimani.

Mimi nilibaki mlangoni. Chini ya blanketi, mkono uliendelea kusogea.